Gari ya umeme ya kifahari kutoka Kampala: bei imeshuka, lakini Bunia utaichaji wapi?

Mutu wa Bunia ao wa Djugu mwenye telefone na megabaiti kidogo anaweza leo kuona Tesla Model S, Jaguar I-Pace ao Audi e-tron ya okazyo inauzwa bei karibu sawa na Prado. Miaka michache nyuma, hizo zilikuwa gari za matajiri wa Ulaya. Nini imefanyika?

Mwaka wa 2023 Tesla yenyewe ilipunguza bei ya gari mpya, na zile zilizotumika zikashuka pamoja. Mwezi wa kwanza 2024, Hertz, kampuni kubwa ya Marekani ya kukodisha magari, ilitangaza kuuza gari zake za umeme karibu 20,000. Lakini kuko sababu ingine ambayo muuzaji hatakuambia: batri. Tesla inatoa garanti ya batri ya miaka 8. Model S ya 2014, garanti yake ilikwisha 2022. Kuweka batri mpya kunapita dola 10,000. Kwa hiyo unaponunua gari ya namna hii, unanunua batri kwanza. Viti vya ngozi na skrini kubwa ni nyongeza tu. Uliza batri inabakia na asilimia ngapi ya nguvu yake, na upimaji ufanyike mbele yako, na mashine.

Tuseme batri ni nzuri. Sasa umeme. Bunia inategemea barrage ya Budana, kwenye mto Shari, mali ya SOKIMO, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji kwa kazi ya dhahabu ya Kilo. Wakaaji wanajua vile courant inakuja na kuondoka. Wenzetu wa Uganda walizindua Karuma, megawati 600, mwaka wa 2024. Yule wa Kampala anachaji usiku na kulala.

Hapa wengi watafikiri groupe. Tupige hesabu. Groupe ya kVA 5 inatoa karibu kilowati 4. Batri ya kilowati-saa 75 itaomba saa 19 na zaidi, groupe ikinguruma. Groupe ndogo inakunywa karibu nusu litre kwa kila kilowati-saa, ni kusema litre 37 hivi. Na hizo, kwa njia yetu, utaenda labda kilomita 300. Prado inatumia karibu vilevile! Tena, gari nyingi za umeme zinakataa kuchaji kama nyumba haina waya wa terre, na nyumba ngapi hapa ziko nao?

Panno za jua ni jambo lingine. Kumi za wati 400, siku ya jua nzuri, zinaweza kukupa kilomita 60 hivi. Kwa mutu anayezunguka mjini tu, hiyo inatosha, lakini kwa gari ndogo ya chini ya bei, si ya kifahari.

Njia sasa. Gari itatoka Kampala kwa Goli, iingie Mahagi, kisha RN27, karibu kilomita 180 mpaka Bunia, kupitia Djugu na Iga Barrière. Batri ya Model S imelala chini ya gari yote, sentimita 14 hivi juu ya udongo. Jiwe moja wakati wa mvua, na zile dola 10,000 zinarudi kwenye mazungumzo. Na ni barabara ambako CODECO na makundi mengine yameshambulia magari mara nyingi. Mafuta yakikwisha, unapata bidon kando ya njia. Bidon ya umeme haiko. Mimi sioni mutu wa kutaka kusimama katikati ya Djugu saa kumi na moja jioni akitafuta prise.

Ikiharibika, Tesla haina garaji yake Congo wala Uganda. Fundi wetu anajua injini, lakini batri ya volti karibu 400 inaweza kumuua.

Anayetaka kupunguza mafuta aangalie Lexus RX 450h ao Harrier haibridi: haitafuti prise, inajichaji yenyewe ikitembea, na mafundi wa Kampala wanaizoea. Hata hiyo, batri ipimwe.

Inauma kidogo, kwa sababu karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ile inayoingia kwenye batri nyingi za gari hizi, inachimbwa kusini mwa inchi yetu, upande wa Kolwezi.