Cool Water au Mafuta ya Udi?

Wadau, mezani kwangu kuna chupa mbili, na kila asubuhi nachelewa kazini kwa sababu yake.

Ya kwanza ni Cool Water ya Davidoff, iliyotoka mwaka 1988, kazi ya Mfaransa Pierre Bourdon. Inanukia kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi: lavenda, mnanaa, upepo wa bahari. Ya pili ni kichupa cha mafuta ya udi alichonipa mama. Hicho hakipulizwi. Unagusisha nyuma ya sikio, basi.

Niseme ukweli, udi niliuacha kwa aibu. Siku moja niliupaka kwenda kazini, mwenzangu akauliza kwa sauti, "Leo kuna harusi wapi?" Chumba cha habari kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao. Baadaye nikaingia chooni kunawa shingo kwa sabuni. Harufu haikutoka. Mshahara ulipoingia, nikanunua Cool Water.

Sasa tulinganishe. Pafyumu ya kupuliza ina spiriti nyingi, na joto la Dar linaikausha upesi. Nikitoka nayo Mbagala asubuhi, saa sita mchana nimebaki na jasho langu. Mafuta yanakaa kwenye ngozi mpaka jioni. Lakini udi ni mzito jamani. Kwenye basi lililojaa, ukizidisha, unawalazimisha abiria wote washiriki. Hapo Cool Water ina adabu zaidi.

Kilichonirudisha ni kusoma kidogo. Udi unatokana na mti wa Aquilaria wa Asia. Ukishambuliwa na kuvu, mti hutoa utomvu mweusi kujikinga, na harufu imo humo. Yves Saint Laurent waliifanya harufu hiyo kuwa msingi wa M7 mwaka 2002. Tom Ford akatoa Oud Wood mwaka 2007, kwa bei ya kutisha. Oud ndiyo udi wetu huu huu! Ukiandikwa hivyo kwenye chupa ya duka la Ulaya, hakuna anayeuliza harusi iko wapi.

Msimamo wangu: chagua kwa kuangalia ngozi yako, saa, na watu utakaokaa nao. Usichague kwa kuogopa kuchekwa. Kesho nakwenda kazini na udi, tone moja tu. Mwenzangu akiuliza tena kuhusu harusi, nitamwambia ipo, ila yeye hakualikwa.

Nyie mnapaka nini?