Usafi wa Pwani Uwe Ufundi



Pepo za kusi zikivuma, bahari hutapika mzigo wake kwenye fukwe za Kiwayu, Pate na Kiunga, kaskazini mwa Lamu: malapa yasiyo na wenzake, madumu yaliyopasuka, vipande vya nyavu, chupa zenye maandishi ya nchi za mbali. Kasa anayepanda pwani usiku kutaga mayai hupita katikati ya takataka hizo, ilhali bahari ya Kiunga ni hifadhi tangu mwaka 1979.

Mara kwa mara watu wema huja, huokota kutwa, hujaza magunia, kisha hupanda boti wakarudi walikotoka. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini maji hujaa na kupwa, ufuko ukarudi ulivyokuwa, na yale magunia yakabaki yakingoja mtu wa kuyachoma. Ndiyo maana natoa wito huu: kusafisha pwani kuwe ufundi unaofundishwa, na anayeufanya alipwe kama fundi.

Kwamba jambo hili linawezekana, Lamu imekwisha kuonyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mhifadhi Julie Church aliwaona watoto wa Kiunga wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa malapa ya ufukweni, akawatia moyo mama zao wayaokote, wayaoshe na kuyageuza bidhaa. Karakana iliyokua kutokana na wazo hilo iko Nairobi. Septemba 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kupambwa kwa malapa yapata 30,000. Mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, karibu kilomita 500. Walioliunda walikuwa mafundi wa mbao. Plastiki iliwabidi wajifunze.

Na yako mengi ya kujifunza. Pindua chupa au dumu, utaona pembetatu yenye tarakimu. 1 ni ya chupa za maji na soda. 2 ni ya madumu mengi. 3 ni PVC, plastiki ya mabomba, ambayo ikiungua hutoa gesi inayodhuru mapafu. Asiyejua tofauti huziyeyusha zote pamoja, akapata ubao usioshikana na kifua kinachouma. Anayejua huzitenga, huziosha chumvi na mchanga, huzianika, huzisaga chenga, kisha huyeyusha kila aina kwa joto lake. Tena chenga hutosha kwenye magunia machache, pale ambapo chupa nzima zingejaza mashua. Kwa watu wanaohesabu kila lita ya mafuta ya boti, hapo ndipo faida na hasara zinapoachana.

Lipo jambo lingine ambalo mvuvi yeyote wa huku atakwambia. Kusi ndiyo miezi ambayo bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi hukaa pwani. Taka hufika hasa wakati ambapo mikono ya kuzifanyia kazi haina shughuli. Basi mafunzo yapangwe kwa msimu huo, yatolewe hukuhuku, kwa Kiswahili, kwa vitendo, na mwanafunzi apewe posho, kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto wanaongoja kula.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe, na inamwajibisha mzalishaji hata baada ya bidhaa yake kutumika. Kwa hiyo nawaomba wenye viwanda wagharamie mafunzo haya. Chupa ni zao. Naiomba kaunti iingize somo hili katika vyuo vyake vya ufundi na kupeleka walimu hadi Faza na Kiunga, isingoje vijana waje mjini. Nawaomba wenye hoteli za Shela na Manda wanunue viti na meza zitakazotoka kwenye mikono hiyo, maana ufundi usio na mnunuzi hufa.

Nawe msomaji, ukija kusafisha nasi siku moja, karibu sana. Njoo na glavu, na ukiwa na ujuzi wa mashine, umeme au hesabu za biashara, kaa siku mbili zaidi uwafundishe wenyeji. Na popote ulipo, usimwite mwokota taka chokora. Wazee walisema kazi mbi si mchezo mwema. Na hii si kazi mbi hata kidogo, ni kazi inayomfungulia kasa njia na kumletea mtoto mlo.

Kusi huanza mwezi wa Aprili. Tuanze maandalizi mapema, ije iwakute walimu wako Kiunga, na ikiisha iwaache vijana wana ujuzi mikononi.