Kisu Kingoje, Vipimo Visingoje

Katika sensa ya mwaka 2019 jirani zetu wa Kenya waliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikakataza viungo vya mtoto huntha kubadilishwa au kuondolewa pasipo ushauri wa daktari wa jenetiki. Hatua hizo zastahili sifa. Hata hivyo, kukizuia kisu si kuuahirisha uchunguzi.

Mtoto azaliwapo na maumbile yasiyobainisha jinsia, jicho la mkunga pekee halitoshi kuamua. Hupimwa kromosomu na homoni katika damu, na tumbo hupigwa picha ili kuona kama kuna mji wa mimba. Chanzo kimoja kikubwa ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo. Baadhi ya watoto wenye hitilafu hiyo hupoteza chumvi mwilini, hutapika na kudhoofu, na wasipopewa dawa huweza kufa katika majuma machache ya kwanza.

Basi mzazi amfichaye mwanawe kwa kuogopa maneno ya majirani huenda anamnyima nafasi ya kuokolewa. Jina laweza kungoja majibu ya vipimo, chumvi haingoji.