Mwokoaji Naye Aokolewe

Moto uzukapo, macho ya watu wote humwelekea askari wa zimamoto anayeingia ndani. Hushangiliwa atokapo na mtoto mikononi, na hulaumiwa gari lake likichelewa. Lakini ni wachache wanaojiuliza swali hili: askari huyo asipotoka, nani atakwenda kumtoa, na je, huyo atakayekwenda ameandaliwa kwa kazi hiyo?

Swali hilo tunaliuliza tukiwa Pongwe. Tunaisema Pongwe ya Tanga, iliyo kando ya barabara iendayo Muheza na Segera, wala si Pongwe ya pwani ya mashariki ya Unguja, ijapokuwa haya tutakayoyasema yanawahusu ndugu zetu wa huko vile vile. Hapa pana machimbo ya mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980. Mkoa wetu ni mkoa wa mkonge na maghala ya katani. Upande wa pili wa mji, Chongoleani, ndiko lilikopangwa kuishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Marobota ya katani yakishika moto hufukuta ndani kwa ndani na kutoa moshi mzito. Mahali kama hapo mtu huweza kupotea akiwa hatua kumi tu kutoka mlangoni.

Taifa letu limekwisha kufundishwa somo hili kwa gharama kubwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Ndani yake walikuwamo watu waliokuwa hai. Waokoaji walipotoboa tumbo la meli, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ilitoka, nayo ikazama. Nia ilikuwa njema; kilichokosekana ni maarifa na matayarisho. Tena, Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka katika ziwa hilo hilo huko Bukoba, kijana mmoja mvuvi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, akauvunja mlango kwa kasia. Abiria 24 walipona, na watu 19 walikufa. Kijana huyo alipojaribu kuwafikia marubani, kamba ilikatika ikampiga, akazimia, ikabidi naye achukuliwe kupelekwa hospitali. Serikali ilifanya vema kumwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hata hivyo tukio lile lilionyesha wazi kwamba mwokoaji huweza kugeuka mhitaji wa kuokolewa kwa kufumba na kufumbua.

Nchi zenye vifaa vingi kuliko sisi nazo zimelipa. Desemba 3, 1999, katika mji wa Worcester, Marekani, ghala kuukuu la baridi, lenye kuta nene na karibu halina madirisha, liliungua. Askari wawili walioingia kutafuta watu waliodhaniwa kuwamo walipotea ndani ya moshi, na hewa yao ikaanza kwisha. Wenzao wanne walioingia kuwatafuta hawakurudi. Wakafa sita. Mkuu wao alilazimika kusimama mlangoni na kuwazuia wengine wasiingie. Hebu fikirini uzito wa amri ile: kuwazuia watu wasiende kuwaokoa ndugu zao, kwa kuwa kila aingiaye angeongeza hesabu ya waliopotea.

Mwaka 2001 askari mmoja alikufa katika moto wa duka kubwa la mji wa Phoenix, katika nchi hiyo hiyo. Wakuu wa zimamoto wa mji ule walifanya majaribio mengi ili wajue kazi ya kumtoa mwenzao mmoja inataka nini. Walikuta kwamba huhitaji waokoaji wapatao 12, huchukua kama dakika 21, na mmoja katika kila waokoaji watano hupatwa na shida yake mwenyewe. Basi wale wanaodhani kwamba watu wawili shupavu wanatosha kuingia na kumbeba mwenzao na watafakari tarakimu hizo.

Kwa maoni yetu yapo mambo manne yasiyoweza kungoja.

Kwanza ni hesabu. Asiingie mtu ndani ya moshi kabla jina lake, saa aliyoingia na kiasi cha hewa kilichomo katika mtungi wake havijaandikwa ubaoni. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni ubao huo tu. Mtungi ulioandikwa dakika 30 haufikishi dakika 30 kwa mtu afanyaye kazi nzito huku moyo ukimwenda mbio. Nahodha yeyote wa Pemba anaijua kanuni hii: huwahesabu watu wake kabla ya kung'oa nanga, na huwahesabu tena afikapo.

Pili ni kikosi cha akiba. Kisimame nje kimekwisha kuvaa, kina mtungi wa ziada, kamba, taa na vyombo vya kukatia. Kisipewe kazi ya kuvuta mipira ya maji wala ya kuzuia watazamaji. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba, bahari ambayo wengi wa visiwani wana jamaa zao kandokando yake, walilijua jambo hili zamani. Kila mpiga mbizi alikuwa na mwenziwe chomboni aliyeshika kamba yake, akingoja ishara ya kumvuta.

Tatu ni neno la hatari. Aliyekwama atamke neno moja lililokubaliwa, alirudie mara tatu katika redio ya upepo, kisha ataje jina lake, mahali alipo na lililompata. Na wengine wote wanyamaze. Huku bara twasema uokoaji, kule visiwani wasema uokozi, wala hapana ubaya. Lakini neno la hatari na liwe moja pande zote mbili, maana mkondo wa Pemba hauulizi mtu atoka wapi. Zaidi ya hayo, askari wafundishwe kuita mapema. Tumelelewa kuamini kwamba mwanamume halii. Katika moshi imani hiyo huua, kwani mwenye kungoja mpaka hewa imwishie ndipo aite huwa amewanyima wenzake muda wa kumfikia.

Nne ni mazoezi ya gizani. Askari wafunikwe barakoa zao wasione kitu, waupapase mpira wa maji mpaka mlangoni, wajifunze kumkokota mwenzao aliyevaa vifaa vizito na kumpa hewa. Ghala tupu la katani lingefaa kabisa kuwa darasa.

Tunajua litakalosemwa: askari hawatoshi, na vifaa ni haba. Ni kweli. Lakini ubao, chaki, kamba na kitambaa cha kufunikia barakoa havihitaji fedha za kigeni. Mitungi, redio na kengele ndogo za kuvaliwa, zinazolia zenyewe mvaaji asipojongea kwa muda wa nusu dakika, hizo ndizo ziingizwe katika makadirio ya fedha, wala zisiwe za kwanza kukatwa. Na uchache wa askari ni hoja ya kumlinda kila mmoja wao.

Sheria ya mwaka 2007 ililiweka neno uokoaji katika jina la Jeshi hilo. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai, na waokoaji walipenya chini ya zege ambalo lingeweza kuwashukia wao pia. Watu wa namna hiyo wana haki ya kujua, kabla hawajaingia, kwamba yupo nje aliyeandaliwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Mkoa wa Tanga, wakuu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi cha Zanzibar, na wenye viwanda na maghala, wakutane Pongwe na kufanya zoezi moja la pamoja, nalo lirudiwe kila mwaka. Wananchi nao wawape njia waokoaji wafikapo, wala wasiwasukume kuingia bila utaratibu. Askari aliyeacha watoto wake nyumbani ili aje kuwatoa wetu asiachwe ndani kwa sababu hatukumhesabu.