Shule Zikifunga, Mtoto Asipelekwe Mwaloni

Wazazi wa Ushirombo, wenye maduara (mashimo ya kuchimbia), wenye makarasha (mashine za kusaga mawe) na wanunuzi wa dhahabu, tahadhari hii ni yenu na haifai kungoja. Mwaka 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Bei ikipanda, kila duara linataka vibarua zaidi, na hakuna kibarua wa bei chee kama mtoto. Shule zikifunga, kishawishi cha kumpeleka mtoto mwaloni, kwenye uoshaji wa dhahabu, kinakuwa kikubwa.

Kuponda mawe na kubeba viroba kunaumiza mwili waziwazi. Zebaki, inayotumika kunasa dhahabu, inaua kimyakimya. Mtoto anaimwaga kwenye karai, anaichanganya na mchanga kwa mikono mitupu, kisha anaikamua kwenye kitambaa mpaka kibaki kidonge cheupe cha dhahabu na zebaki. Kidonge kikiwekwa motoni, zebaki inapaa kwa mvuke usio na harufu, na anayepuliza mkaa ndiye anayeuvuta. Inashambulia ubongo na figo. Mikono hutetemeka na kumbukumbu hupungua. Mama akiwa mjamzito, inamfikia hadi aliye tumboni. Kitambaa cha kufunga puani hakiuzuii mvuke huo.

Si hofu ya kubuni. Mwaka 2013 Human Rights Watch, watetezi wa haki za binadamu, walitoa ripoti kuhusu migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Walikuta watoto, wengine wa miaka minane tu, wakishuka mashimoni na kushika zebaki.

Tumezoea kujitetea: “Amekubali mwenyewe,” au “Bora hiyo kuliko kulala njaa.” Mtoto mwenye njaa atakubali lolote. Anayelijua hilo akamtuma kuchoma dhahabu kwa ujira kiduchu hajamsaidia. Ameifanyia biashara njaa yake. Kweli, nyumba nyingi hapa zinaishi kwa machimbo. Basi mzazi alipwe mgawo wa haki, ili asilazimike kumtoa mwanawe kujazia pengo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Kumwita “msaidizi wa mama yake” hakumkingi na mvuke.

Kwa hiyo, kabla likizo haijaanza:

Mwenye duara au karasha, mkatalie mtoto langoni, hata akija na mzazi.

Mnunuzi, uliza nani ameosha na nani amechoma. Ukisikia ni mtoto, usinunue.

Mzazi, usichomee dhahabu nyumbani wala usitunze zebaki jikoni. Ukiona mtoto anatetemeka mikono, mpeleke hospitali na umweleze daktari wazi kwamba ameshika zebaki.

Jirani, ukiona mtoto anafanyishwa kazi machimboni, mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Usingoje mpaka augue.