Fundi, pima kabla ya kubadilisha

Maikrowevu iliyozimika stima ilipokatika na kurudi haijafa. Lakini hapa mpakani, kuanzia Masinya na Busia hadi Malaba na Tororo, ni rahisi kusikia hukumu ileile: "Bodi imeungua, tafuta nyingine." Hukumu hiyo hutolewa kifuniko kikiwa bado hakijafunguliwa, na mita ikiwa bado mkobani. Msimamo wetu ni mmoja: fundi apime, amwonyeshe mwenye kifaa alichokuta, ndipo ataje bei.

Stima yetu ni ya kusuasua pande zote mbili. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani. Uganda nako, kampuni ya UEDCL ilipokea usambazaji wa stima kutoka kwa kampuni ya Umeme mwaka 2025, na kukatikakatika hakujaisha. Giza lenyewe halichomi kifaa. Kinachochoma ni stima inaporudi, volti zikiruka kabla ya kutulia, na kinachopokea kishindo hicho kwanza ni bodi ya pawa.

Bodi hiyo haina uchawi. Stima ya volti 240 hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye varista, kidude kinachojitoa mhanga volti zikizidi: kinapasuka na fyuzi inakatika. Baada ya hapo transfoma ndogo hushusha stima, bodi ikapata takribani volti 12 za kuendesha rilei na volti 5 za chipu inayoongoza saa na vitufe. Fundi makini hufuata njia hiyohiyo hatua kwa hatua. Huanza na soketi, akaijaribu kwa kifaa kingine. Kisha hupima fyuzi, swichi ya joto, varista na uzi wa transfoma. Mwisho huangalia kapasita zilizovimba, lehemu iliyopasuka chini ya rilei, na mende waliojificha humo. Mara nyingi mkosaji ni kipande kimoja kidogo, chenye bei isiyofanana hata kidogo na bei ya bodi nzima.

Tena bodi husingiziwa. Kioo kikiwaka, sahani ikazunguka, na chakula kikabaki baridi, kosa huenda liko upande wa volti za juu: magnetroni, dayodi, kapasita kubwa au transfoma kubwa. Fyuzi nayo ikikatika kila mlango unapofungwa au kufunguliwa, swichi za mlango ndizo za kushukiwa. Anayebadilisha bodi katika hali hizo anamlipisha mteja kwa kosa ambalo halikuwapo.

Kuna jambo baya zaidi, nalo tunalikemea bila kumung'unya maneno. Fundi anayefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, au anayeunganisha swichi za mlango moja kwa moja, hatengenezi kitu. Anairudishia familia hatari jikoni. Kapasita kubwa ya maikrowevu hufanya kazi kwa volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Imeua watu waliozoea kazi hii. Kwa hiyo mwenye nyumba asifungue kifuniko, hata akiwa na bisibisi nzuri. Fundi naye aimwage chaji hiyo kwanza, wala asiguse upande huo kwa mita ya kawaida, kwani haikutengenezwa kwa volti hizo. Waya wa ethi nao uwepo na ufanye kazi, maana saketi ya volti za juu hujifunga kupitia bati la kifaa chenyewe.

Mpaka si kisingizio hapa. Kenya na Uganda zinatumia volti 240, hezi 50 na plagi ileile ya pini tatu. Tangu miaka ya 1950 nyaya za stima kutoka Jinja zimepita Tororo kuingia Kenya. Fundi wa Busia anayejua bodi hii ana kazi pande zote mbili.

Vyuo vya ufundi vya Busia na Tororo vifundishe kutafuta kosa kwa mita, na vifundishe usalama kabla ya kulehemu. Nchi zote mbili zina mitihani ya ufundi kwa waliojifunzia kazini, kama ile ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya. Mafundi wetu waifanye, na halmashauri zisaidie ada. Wenye maduka walete varista, fyuzi na rilei, wasilete bodi nzima tu.

Nawe msomaji, stima ikikatika, chomoa plagi, na usiirudishe mpaka stima itulie. Maikrowevu ikizimika, mpelekee fundi mwenye mita, umwombe akuonyeshe kipande kilichoharibika. Akikataa kupima, chukua kifaa chako uende kwa mwingine.