Mlima Hanang Haukumeguka kwa Siku Moja

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh na vijiji jirani, Gendabi kikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengi wakahitimisha kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Nakataa. Mlima huu ni volkano ya kale. Maji hupenya nyufa zake mwaka baada ya mwaka, mwamba ukalainika. Serikali yenyewe ilieleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Mvua kubwa ilimalizia tu. Basi kilichojengeka polepole hukaguliwa mapema.

Katika mahandaki ya reli kule Kilosa, mhandisi hasubiri dari ianguke ndipo aulize maji yanapita wapi. Kwa nini mlima ulioinamia mji upewe uangalizi mdogo kuliko mlima uliotobolewa ili treni ipite?

Baada ya maafa, fedha za mahema hupatikana. Kabla yake, fedha za ukaguzi huambiwa hazipo. Ninyi mnaoandaa bajeti za Hanang na Mbulu, wekeni humo vipimo vya mvua, ukaguzi wa miteremko na ving'ora. Tope halisubiri mwaka wa fedha.